Lakiri Juu ya Mchuzi wa Mzee Elkana

Kule Olmoti, mji wa kuba la kioo uliojengwa ndani ya shimo kubwa la sayari ya Mirihi na watu waliotoka zaidi pande za Arusha na Kilimanjaro, nyama haikuchungwa wala kuchinjwa. Ililimwa. Ilikua ndani ya matangi ya chuma nyuma ya jiko kuu, kimyakimya kama maziwa yanavyoganda kibuyuni, na tangi la mwisho kabisa, lile dogo lililobanana na ukuta, lilikuwa la Wayahudi.

Yokebedi ndiye aliyelitunza. Kila asubuhi alifunga kitambaa chake cha kichwa, akanawa mikono, akaenda kulikagua kabla hajanywa hata chai. Alianza na lakiri ya nje, kipande chekundu cha plastiki ngumu kilichobonyezwa alama yake, akaipapasa pembeni kama imekwanguliwa. Akishaikata alifungua kifuniko, akaikuta ya pili ndani, naye akaitazama vilevile. Lakiri ndani ya lakiri. Nyama iliyotoka machoni pa mwangalizi, yule anayekagua chakula kwa sheria ya Kiyahudi, bila kufungwa namna hiyo hairudi mezani, hata kama haikuguswa na mtu, kwa sababu hakuna wa kusema kwa hakika kwamba haikuguswa. Akimaliza alibonyeza lakiri mpya, moja ndani, moja nje, ndipo akaenda kutafuta chai.

Wapishi walimtania sana. Walimuuliza nyama iliyofungiwa kwenye pipa itatoroka iende wapi, na nje ya kuba hakuna hewa. Yeye aliwajibu kwamba anaichunga isije ikajifunza tabia zao.

Mbegu ya nyama ile ilikuwa imetoka mbali. Palikuwa na ng'ombe dume mmoja, Arusha, aliyechinjwa na mchinjaji mjuzi kwa kisu kilichopitishwa ukuchani mbele na nyuma kuona kama kina pengo. Mapafu yake yalipulizwa na kukaguliwa. Ndipo zikatolewa chembe chache za msuli, baada ya kuchinjwa na siyo kabla, kwa maana kiungo cha mnyama aliye hai hakiliwi. Chembe hizo ndizo zilizosafiri mpaka Mirihi zikiwa zimefungwa, na mwenye kuzibeba mapajani njia nzima alikuwa Mzee Elkana.

Yeye ndiye aliyekuwa mwangalizi wa kwanza. Mionzi ya safari ikamla macho taratibu, na alipoona kwamba haoni tena mdudu kwenye unga, alimfundisha Yokebedi. Hakumfundisha kwa vitabu. Alimketisha mbele ya sinia la dengu akamwambia achambue, punje kwa punje, halafu akamrudishia lile lile sinia akamwambia achambue tena. Alimfundisha kuinua jani la mchicha kwenye taa na kulitazama chini ya mshipa. Mara moja alificha fukusi mmoja ndani ya unga, fukusi aliyemhifadhi kwenye kichupa tangu Duniani kwa kazi hiyo tu, akasubiri. Yokebedi alipomwona fukusi, mzee alicheka mpaka akakohoa, akampa kibonyezo cha lakiri siku ile ile.

Alimpa na neno moja tu. Kazi ya mwangalizi ni kuona. Kuamua ni kwa rabi. Asichoona, asiseme ameona.

* * *

Ndipo vumbi likaja. Mirihi ina tufani ambazo hazina mvua wala ngurumo, ni vumbi jekundu tu linalopanda juu na kukataa kushuka. Kuba likawa na giza la kahawia mchana kutwa. Bustani za vioo zikakosa mwanga, maharagwe yakanyong'onyea kwenye vikamba vyake, mchicha ukawa mweupe. Umeme uliobaki ukapelekwa kwenye hewa na joto. Kila mtu akapimiwa chakula, na chakula chenyewe kwa sehemu kubwa kikawa nyama ya matangi, kwa kuwa nyama ile haihitaji jua.

Na tufani ilikuja wakati mbaya, maana jua lenyewe lilikuwa limejiweka katikati, Mirihi upande huu na Dunia upande ule. Hilo hutokea kila baada ya miaka kama miwili. Maneno yanayorushwa kutoka Olmoti hupotea ndani ya moto wa jua kabla hayajafika, na kwa majuma mawili hivi watu wa Mirihi huwa kama watoto walioachwa nyumbani peke yao.

Sabato iliingia. Taa za kuba zilipofifishwa Yokebedi aliwasha mishumaa, akaacha kazi, kama kawaida yake. Nasieku, fundi wa matangi, alikuwa zamu.

Nasieku alikuwa binti wa Kimaasai wa Longido, mrefu, mwepesi wa kucheka, na aliyapenda matangi yale kama mama yake alivyopenda mifugo. Aliyapigapiga ubavuni akipita. Jioni ile alisikia tangi dogo linalia, maana mchuzi wa malisho, ule unaozilisha chembe zikakua, ulikuwa umekwisha kwenye chombo chake kwa sababu ya pampu iliyovuja. Angeliacha, nyama yote ya ndani ingekufa. Alijua kwamba mama Yokebedi siku ya Sabato hagusi kitufe wala haombi mtu amgusie. Akaona asimweke kwenye majaribu. Akafikiri peke yake.

Mchuzi wa kawaida wa matangi mengine ulitengenezwa kwa damu ya wanyama, na wengine walikuwa nguruwe. Huo aliukwepa. Akachukua mchuzi mwingine uliotengenezwa kwa maji ya maziwa, yale yanayobaki jibini ikishaganda. Na maziwa yenyewe hayakutoka kwa ng'ombe, kwani Mirihi hakuna ng'ombe. Yalitolewa na hamira, hamira iliyofundishwa maabara kutoa maziwa kama inavyotoa povu. Nasieku akasema moyoni kwamba hapa hakuna mnyama hata mmoja, basi hapa hakuna kosa. Akakata lakiri, akajaza chombo, akafunga vizuri, akaenda zake akiwa na furaha ya mtu aliyemsaidia jirani bila kuombwa.

Kesho yake Sabato ilipotoka alimngojea Yokebedi mlangoni mwa chumba cha matangi, lakiri iliyokatwa ikiwa kiganjani.

"Shikamoo mama. Hii nimeikata mwenyewe, usije ukafikiri ni mwizi," akasema. "Tangi lako lilikuwa linakufa njaa. Nimelilisha mchuzi ule wa hamira, usio na mnyama ndani. Nilikumbuka mambo yenu."

Yokebedi aliipokea lakiri, akaigeuza.

"Ule wa maziwa?"

"Maziwa ya hamira, mama. Siyo ya ng'ombe."

"Tangu lini?"

Nasieku akasema tangu jana, taa zilipofifia, na kicheko kikaanza kumtoka usoni. Alisema angemwambia asubuhi, lakini alimwona amekaa na kitabu chake, ametulia, akaona amwache apumzike.

Yokebedi hakumgombeza. Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akamweleza polepole, kwa kuwa mtu aliyekutendea wema anastahili angalau maelezo. Torati inakataza kumpika mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake, na kutoka hapo nyama na maziwa vikatenganishwa, sufuria na sufuria, kisu na kisu, meza na meza. Haya, tangi halipiki. Joto lake ni joto la mwili wa ng'ombe tu, mkono hauungui. Lakini wazee walisema kitu kinacholala ndani ya maji usiku mzima na mchana mzima kimehesabiwa kama kimepikwa humo. Na nyama hii ilikuwa imelala.

Nasieku akauliza kwa sauti ndogo kama maziwa ya hamira ni maziwa.

Hilo ndilo Yokebedi hakulijua. Hapakuwa na kiwele, hapakuwa na ndama. Ladha ilikuwa ya maziwa, weupe ulikuwa wa maziwa, na jibini lake liliganda kama jibini. Alilitazama jicho la ukutani, kamera inayorekodi chumba kile, akarudisha picha nyuma, akahakikisha kwamba kilichomiminwa ni kile alichoambiwa na hakuna kingine. Basi swali lilibaki moja tu. Akaliandika kwenye barua kwa Rabi Azaria wa Arusha, akairusha, nayo ikaenda kujiunga na zile nyingine zilizosubiri jua lisogee.

Aliwaambia Wayahudi wenzake, watu wachache tu, ambao wote walitosha kwenye meza moja, kwamba nyama imefungwa mpaka jibu lije. Waliguna kidogo. Walikuwa watu wazima wenye afya. Wakakaza mikanda wakaendelea na vikombe vyao vya maharagwe. Yule ambaye hakuwapo mezani kusikia alikuwa Mzee Elkana, aliyekuwa amelazwa zahanati kwa homa ya mapafu, na daktari alikuwa amekataza wageni wengi.

* * *

Homa ikaondoka. Nguvu hazikurudi. Daktari alimwita Yokebedi kando akamwonyesha mkono wa mzee jinsi ulivyokuwa mwepesi kama kijiti kikavu. Dawa za damu alikuwa amempa mpaka zimeisha, na tumbo la mzee lilizitapika. Maharagwe nayo hayakukaa. Alihitaji mchuzi wa nyama, mwingi, mara kwa mara, tena mapema. Daktari alisema bila kuzunguka kwamba asipoupata hatafikisha mwisho wa tufani.

Yokebedi aliingia kwa mzee akiwa na moyo mwepesi kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu sheria yenyewe imeliweka jambo hili wazi. Uhai unatangulia. Mgonjwa wa kufa hulishwa chochote, hata kilichokatazwa, na anayemlisha hana dhambi. Akamwambia hivyo. Akamwambia kwamba tangi dogo lina hitilafu ya pampu, basi atamletea mchuzi wa jiko kuu, aufumbie macho, apone.

Mzee alitabasamu kwa macho yake yaliyofunikwa ukungu. Akasema ruhusa hiyo anaijua, na ni ya mtu anayekufa, na yeye hafi, amechoka tu. Yokebedi akasema daktari anasema vingine. Mzee akasema daktari huyo alikuwa mtoto wa shule wakati yeye anavuka anga, tena alishawahi kumwambia atakufa kwa kikohozi, mwaka wa kwanza wa udaktari wake.

"Mzee, nakuomba."

"Usiniombe, mwanangu. Umri wote huu sijatia mdomoni kitu nisichokijua, nije nianze leo kwa sababu ya uvivu wa miguu? Wewe leta chenye lakiri yako. Hata ukiweka lakiri yako juu ya kiatu, nitakitafuna."

Akacheka, na kicheko kikamchosha, akalala.

Alirudi kesho yake, na siku iliyofuata, na kila mara maneno yalikuwa yale yale, ila sauti ilikuwa inatoka mbali zaidi. Siku moja alimkuta anaongea na mkewe aliyezikwa Arusha, akimwambia atie uwatu kidogo mchuzini, usizidi.

* * *

Ilikuwa saa za mchana, jiko kuu likiwa tupu baina ya zamu mbili. Yokebedi alifungua tangi dogo akakata kipande. Alikiloweka, akakinyunyizia chumvi ya mawe pande zote, akakiinamisha juu ya ubao wenye matundu, akakisuuza tena na tena, ingawa nyama ya tangi haina damu ya kutoka. Rabi Azaria alitaka hivyo ili mikono isisahau. Alikitia kwenye sufuria ndogo ya nyama, pamoja na iliki, bizari ya manjano, na uwatu kidogo, usiozidi. Harufu ikapanda. Ilikuwa harufu ya nyumba za kwao, ya Ijumaa alasiri, watoto wakipakwa mafuta. Alikoroga mpaka mafuta yakaja juu kama visarafu vidogo vya dhahabu.

Akaumimina kwenye chupa ya chai yenye kifuniko cha kukaza.

Hapo ndipo aliposimama. Mchuzi ulikuwa umekwisha kuiva, chupa imefungwa, na bado hakuna kosa alilofanya. Mgonjwa wa kufa huruhusiwa. Angeweza kuubeba ulivyo, akamwambia ukweli wote, kwamba nyama ililala katika maziwa ambayo huenda siyo maziwa, kwamba hajui, kwamba rabi hajajibu. Mzee angemsikiliza kwa adabu, akasukuma chupa kando. Au angeweza kubonyeza lakiri.

Lakiri haina maneno mengi. Inasema tu, mimi nimeona na ninajua. Yeye alikuwa ameona. Hakujua.

Alijiambia kwamba hamdanganyi kuhusu chakula, anamlisha kwa ruhusa ya sheria, na akijua asijue ruhusa ipo. Alijiambia kwamba mzee naye angefanya vilevile kwa mwanawe. Hilo la pili hakuliamini hata lilipokuwa linapita akilini. Alichukua kibonyezo, akapasha plastiki moto, akabonyeza. Ilichukua muda wa kumeza mate. Alama ilitoka safi, herufi zote zimesimama, pengine lakiri nzuri kuliko zote alizowahi kubonyeza.

Mzee Elkana aliwekewa mito mgongoni. Hakuona chupa, aliipapasa. Kidole gumba chake kikapanda mpaka kwenye lakiri, kikatembea juu ya herufi moja moja, kama mtu anayesoma barua ya mtoto wake.

"Tangi limepona?" akauliza.

"Limepona."

"Ni safi?"

"Ni safi, Mzee."

Akasema baraka yake, ndefu kuliko pumzi aliyokuwa nayo, akanywa. Akanywa tena. Rangi ikampanda masikioni. Akasema uwatu umekaa sawasawa, kisha akamshika mkono akaubusu, mzee mzima, kama vile yeye ndiye mtoto. Yokebedi aliuacha mkono ule pale mpaka alipolala. Akatoka nje, akaenda kukaa kwenye choo cha wanawake, mahali pekee Olmoti ambapo hakuna anayekuuliza una nini.

Alipeleka mchuzi kila siku. Kila siku wenye lakiri. Mzee akaanza kukaa, akaanza kusimama, akaanza kumlalamikia daktari kuhusu godoro, na daktari akasema hiyo ndiyo dalili ya kupona.

* * *

Jua likasogea. Barua za Dunia zikaingia kwa mafungu, salamu na misiba na ankara, na katikati yake jibu la Rabi Azaria. Aliandika kwa furaha ya mtu aliyepewa swali jipya. Alisema yeye na wenzake wamekaa nalo. Maziwa yasiyotoka kwenye kiwele siyo maziwa, yanafanana nayo tu, kama yale ya karanga au nazi. Nyama ya Olmoti inafaa, ni kosheri, iliwe kwa shangwe. Sharti moja tu. Kwa kuwa mtu akiona maziwa na nyama pamoja anaweza kufikiri vibaya au akajifunza vibaya, waweke mezani alama. Wazee wa zamani walipotia maziwa ya lozi kwenye nyama waliweka lozi kando ya sahani, kila jicho lijue. Basi wao waweke kisahani cha hamira.

Yokebedi aliisoma barua akiwa amesimama. Kama jibu lingesema haifai, angekuwa na kitu cha kulia. Sasa hakuwa na kitu. Nyama ilikuwa safi tangu mwanzo. Mzee hakula haramu hata tone moja. Neno alilomwambia, "ni safi", lilikuwa la kweli, ila yeye alipolisema hakuwa na haki nalo, na hakuna barua kutoka Dunia iliyoweza kumpa haki hiyo kwa kurudi nyuma.

Sabato ile meza ilijaa. Vumbi lilikuwa limeanza kushuka na watu walikuwa na hamu. Mzee Elkana aliingia kwa miguu yake, mara ya kwanza, ameshikiliwa na Nasieku, aliyekuwa amealikwa kwa heshima. Walisimama wote. Akaketishwa mwanzoni mwa meza, akagusagusa vitu vilivyokuwa mbele yake kama kawaida yake, kikombe, mkate, kijiko, na vidole vikaangukia kisahani kidogo chenye unga wa punje. Akanusa.

"Hamira? Inafanya nini hapa, mmeshindwa kuoka?"

Wakacheka. Bwana mmoja wa upande wa pili, mchimbaji wa barafu mwenye sauti kubwa, akamweleza kwa raha zake yote tangu mwanzo: pampu, Nasieku, maziwa ya hamira, jinsi nyama ilivyofungwa wakati wote ule wa jua, jinsi walivyokonda kwa maharagwe wakisubiri rabi, na leo jibu limekuja, ndiyo kwanza nyama inarudi mezani.

"Ndiyo kwanza leo," mzee akarudia.

"Ndiyo kwanza leo, Mzee. Meno yametuota kutu."

Mzee hakugeuza uso kwa Yokebedi. Angegeuza, watu wangeona. Aliendelea kukizungusha kile kisahani taratibu, na Yokebedi, aliyekuwa ameshika bakuli la nyama kwa mikono yote miwili, aliona anavyohesabu. Jua lilikuwa bado katikati. Nyama ilikuwa bado imefungwa. Na yeye alikuwa akinywa mchuzi.

Ikafika zamu yake kuandaliwa. Nasieku mwenyewe alichagua kipande kizuri.

"Msinipe mimi," Mzee Elkana akasema. "Meno yangu yamezeeka. Nipeni maharagwe."

Kila mtu akamhurumia. Yokebedi peke yake alijua, maana ndiye aliyekuwa akimwangalia akitafuna ukoko wa mkate mkavu kwa magego yake mwenyewe juzi tu.

* * *

Sabato ilipotoka alimfuata chumbani. Alikuwa amebeba kibonyezo cha lakiri ndani ya leso. Alikiweka juu ya meza, mbele ya mikono ya mzee.

Mzee alikipapasa, akakitambua. Halafu mzee akamuuliza kwa nini hakumwambia kwamba hajui. Yokebedi akajibu kwamba angekataa. Mzee akakubali kwamba angekataa. Yokebedi akasema basi angekufa, na mzee akakubali hilo pia, akasema sasa anaamini kwamba daktari hakuwa anasema ovyo.

"Sina hasira, mwanangu. Nakula, natembea, nasikia sauti za watu. Hivyo vyote umenipa wewe, na sivirudishi."

"Basi kula nyama, Mzee. Rabi amesema inafaa. Barua ipo, nikusomee."

"Barua naiamini. Nyama naiamini." Alikitafuta kibonyezo, akakifunga tena ndani ya leso yake, akamsukumia. "Lakini mimi sioni. Wao wana macho yao, wana na ya kwako. Mimi nilikuwa na ya kwako tu."

Yokebedi akasema atawaambia wote, aache kazi. Mzee akatikisa kichwa. Hapakuwa na mwingine Mirihi nzima aliyejua kuchambua dengu mara mbili. Wakijua, watu wale wote watakaa bila nyama mpaka aletwe mwangalizi kutoka Duniani, miaka, kwa kosa ambalo halikuwagusa. Tena Yokebedi alifanya kwa ajili yake yeye mzee, kwa hiyo deni la kunyamaza ni la mzee. Akamwagiza aendelee, aone anachoona, aseme anachoona. Halafu akasema amechoka, na akamwombea usiku mwema kwa upole ule ule wa siku zote, ambao ndio uliokuwa mgumu kuubeba.

Basi ikawa hivyo. Kila Sabato nyama ilipopita, mzee ambaye hakuwahi kusema uongo hata wa kumfurahisha mtoto alisema mbele ya watu kwamba meno yake yamezeeka, na kila Sabato Yokebedi alikuwa ameshika bakuli akisikia. Aliyekuwa amemdanganya mara chache sasa alikuwa amemfanya adanganye maisha yake yote.

Nasieku ndiye aliyeumia zaidi kwa ajili ya meno yale. Alijiona yeye ndiye chanzo cha majuma yote ya njaa. Akakaa na tangi dogo kwa subira, Yokebedi akiwa pembeni akiangalia kila alichotia, akapunguza joto, akalegeza nyuzi, akajaribu na kutupa, mpaka akapata nyama laini kama ndizi iliyopikwa ikapondwa, isiyohitaji meno hata kidogo. Akaipanga kwenye bakuli zuri. Akamletea Yokebedi ili abonyeze lakiri, uso wote ukimng'aa.

Yokebedi alibonyeza. Alikuwa ameona kila kitu, na safari hii alikuwa anajua. Wakaenda wote wawili mpaka chumbani kwa mzee.

Mzee Elkana alimsikiliza Nasieku akieleza kazi yote aliyoifanya. Alimshukuru, akambariki yeye na watoto atakaowazaa, akaomba bakuli liwekwe pale kando.

"Lakini tumbo nalo, binti yangu," akasema. "Tumbo nalo siku hizi limekuwa la kizee. Wape wengine isiharibike."

Walipokuwa wanarudi kwenye ushoroba, Nasieku, akiwa amelibeba bakuli, alisema si neno, tatizo lazima ni mafuta. Wiki ijayo atajaribu tena ayapunguze, na mzee atakula tu.

Yokebedi akamwambia asante.